Jina la Kitenge

Tangu mwaka 1999 ofisi ya shule yetu ya Wamethodisti, hapa Kamina, haina sauti. Kabla ya hapo mashine ya chapa ya Noé iligonga kutwa nzima, na akina mama waliopita na ndoo walijua kwa mlio wake kama masomo yanakaribia kwisha. Jumatatu ya kwanza mashine ilipokaa kimya, walimu tuliinua vichwa madarasani, mmoja baada ya mwingine.

Noé alikuwa karani wetu kwa miaka kumi na minne, na hadi mwaka wa mwisho hakuonja maharage. Wala hakumeza dawa ya hospitali, isipokuwa kwinini. Hakuwa mgonjwa. Jina lake la pili, Kitenge, lilikuwa la mjomba wake, kaka wa mama yake, Mama Phébé. Mjomba huyo alipewa vidonge vya homa, akavimeza na kula maharage, na siku ya tatu mkojo wake ukatoka mweusi kama kahawa. Alizikwa miezi miwili kabla Noé hajazaliwa. Kwetu mtoto anayepewa jina la marehemu hupewa na miiko yake. Kwa hiyo Noé alikatazwa maharage na vidonge tangu akinyonya. Mdogo wake, Esdras, hakukatazwa kitu.

Vita vilipofunga njia ya reli, nyumba nyingi zilibaki na bukari, ugali wetu wa mahindi, na maharage tu. Noé alikula bukari kwa chumvi, akakonda hadi mkanda ukamzunguka mara mbili. Esdras, aliyekuwa akipakia magunia stesheni na kuimba sauti nzito kwaya ya Jumapili, alimalizia sehemu ya kaka yake.

“Yaya,” Esdras alimwambia, kama sisi tunavyowaita kaka wakubwa, “weye unakufa na njala juu ya muntu haukumuona.”

“Kula tu, kinywa kubwa. Mama iko anatuangalia.”

Mwezi wa nne daktari wa kambi ya jeshi, Bokungu, mtu wa jimbo la Equateur, alileta vidonge vya kutoa malaria iliyojificha ndani ya ini. Alionya kwamba wako watu ambao damu yao imezaliwa na upungufu. Wakimeza vidonge hivyo, damu hupasuka ndani ya mishipa. Alikuwa na karatasi za kupimia na taa ndogo ya zambarau, lakini karatasi zilikuwa chache, moja kwa kila nyumba. Akamuuliza Mama Phébé ni nani kwao mwenye tatizo la mkojo mweusi.

“Iko huyu,” Mama Phébé alisema, akimsukuma Noé begani. “Ye njo Kitenge.”

Daktari alidhani anaonyeshwa mtu aliyewahi kuugua. Alimchoma Noé kidole, akadondosha damu kwenye karatasi, akashusha pazia la dirisha. Chini ya ile taa, tone liling'aa.

“Damu yako iko muzima,” alisema. “Meza dawa, kula unachotaka.”

Mchana huo Noé alikula maharage kwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Alikula akicheka, machozi yakimtoka.

“Pole pole, Yaya. Achia na bengine,” Esdras alisema.

Esdras alikuwa na homa ya kwenda na kurudi mwezi mzima. Muuguzi aliyegawa vidonge alipouliza kama naye ana hatari, Noé ndiye aliyejibu.

“Esdras? Ule hana mambo. Ile kitu ilikuwa kwangu.”

Akampa mdogo wake pakiti kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya tatu Esdras alimwita nyuma ya nyumba, akamwonyesha kopo. Ndani mlikuwa na kahawa. Walisimama hapo wawili, jua likiwapiga.

“Yaya,” Esdras alisema, “juu ya nini iko kwangu?”

Hospitali ya kambi, damu ya Noé iliafikiana na ya Esdras, wakamtoa Noé mfuko mzima. Haikutosha, figo zilikuwa zimeziba. Daktari Bokungu aliuliza upya habari za mjomba, na safari hii akaelewa. Alieleza polepole kwamba upungufu ule hupitia kwa mama, naye mama mwenyewe anaweza asiugue. Kila mtoto wa kiume huupata au huukosa. Mjomba aliupata. Noé aliukosa.

“Lakini jina tulimupa huyu,” Mama Phébé alisema, akimwonyesha Noé.



Esdras alikufa Ijumaa. Matangani wanawake wa kwaya walipika walichokuwa nacho, na mmoja wao akaweka bakuli la maharage mbele ya Noé. Mama Phébé aliinuka kwenye mkeka, akapita katikati ya watu, akaliondoa bila kumtazama usoni, akarudi kukaa. Sote tuliona.

Noé hakurudi ofisini; sasa yuko mbali, Kaniama. Analima mahindi, na maharage hayali.