Breki ya Mtu wa Alpi

Hakuna baiskeli iliyotoka mikononi mwa fundi huyu kabla yeye mwenyewe hajaishusha mteremko wa nyuma ya karakana. Hata ya mtoto aliipanda, magoti yakimgonga kidevu. Alishuka ametega sikio, maana kwake breki ni kama mgonjwa: ukinyamaza, yenyewe itakwambia inapoumwa. Kwa miaka ishirini na sita mtaa ulimwita Mteremko, na wapo waliodhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Goti alilivunja kwa kuanguka kutoka kwenye kigoda, akiangua tairi lililoning'inia ukutani. Majirani walimbeba hospitali huku wakicheka. "Mlima umeshindwa, kigoda kimemuweza!"

Sasa alikuwa akipona sebuleni. Baiskeli yake ilisimamishwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma likizunguka hewani. Dada wa mazoezi ya viungo alimwagiza apige pedali dakika ishirini kila asubuhi, taratibu, kama mtu anayeburuta kandambili. Ijumaa angelitazama goti. Lisipovimba, ruhusa ya kurudi mteremkoni ingepatikana.

Bintiye alimhurumia kwa kumwona akiukodolea macho ukuta. Akamwekea kwenye televisheni video ya safari nyepesi ya kuteremka milima ya Alpi kwa baiskeli, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopona kama yeye. Barabara ilijikunja kati ya misonobari, theluji ikimeta vileleni, ng'ombe wakitikisa kengele. Mwendeshaji hakuonekana, ila glavu zake kwenye usukani.

Jumatatu fundi alitulia. Kilichokosekana ni upepo tu. Alifungua dirisha, akapanda tena, akafumba macho. Shati halikupepea. Lilikuwa halijapepea kwa miezi mitatu.

Jumanne, kwenye kona ya nne, akasikia kutoka kwenye televisheni: kiii.

"Mwanangu, umesikia? Breki ya nyuma hiyo. Mpira umeisha, chuma kinakula rimu."

"Baba, wewe piga pedali."

"Mbele kuna kona kali, na huyu hajui!"

Akakanyaga ili amfikie. Jumatano vivyo hivyo. Alhamisi alisimama kabisa juu ya pedali, jasho likimtiririka, akiita, "Kaka! Kaka, simama pembeni!"

Mkewe alitoka jikoni, mwiko mkononi. "Baba watoto, nani tena huyo unamfukuza ndani ya nyumba yangu?"

Ijumaa goti lilikuwa limeumuka kama unga uliotiwa hamira.

"Fundi," dada wa mazoezi alisema akilibonyeza, "mimi nilisema kandambili. Ulikuwa unakimbizana na nani?"

"Na kijana mmoja wa Alpi. Breki yake inalia."

Dada alimtazama mke wa fundi. Mke akatazama dari.

"Fundi wangu," dada akasema, "huyo alishafika zamani. Asingefika, hiyo video ingeletwa na nani?"

Hilo fundi hakuwa amelifikiria.

"Kwa hiyo alifika," alisema mwishowe. "Na breki mbovu vile, akateremka mpaka chini. Zangu zinashika kama gundi, nami niko sebuleni."

Hakuna aliyecheka. Akaongezewa wiki nne.

Jumamosi alipanda tena, miguu ikiburuta kandambili zisizokuwepo. Aligundua kwamba hata akizembea namna gani, glavu zile hazimwachi. Na kwa kukazana kwake kote kule, hakuwa amezikaribia hata shubiri moja. Kona ya nne ilipofika, kiii ikaanza. Akabana breki yake mwenyewe, polepole. Gurudumu likasimama bila sauti.

Nje, chini ya dirisha, mtu alipita akiteremka kwa baiskeli, gurudumu likitatarika, bila kupiga pedali, akigusagusa breki. Fundi akatega sikio mpaka sauti ikapotelea mbali. Breki nzuri, ila ya mbele imelegea kidogo. Kisha akaachia breki yake, akaendelea.