Uzito wa Haro

Wenzangu mliokua kabla trekta halijafika vijijini kwetu, mtanivumilia nikianza habari hii na makalio yangu, kwa maana ndiyo yaliyonipa kazi yangu ya kwanza hapa duniani.

Kwetu Tarime, shamba likishalimwa kwa plau lilibaki na mabonge makubwa kama vichwa vya ndama. Ulezi hauoti chini ya bonge. Mbegu zake ni ndogo kama mchanga, nazo zinataka udongo uliolainika kama unga. Babu yangu alivunja mabonge yake kwa kuburuta tawi la mgunga lenye miiba, na watu wakamwona mtu wa maendeleo. Baba alimpita: alikuwa na haro. Ilikuwa fremu ya mbao yenye umbo la herufi A, na chini yake meno kumi na mawili ya chuma yaliyofuliwa na mhunzi. Mbele ulifungwa mnyororo, na mnyororo ulivutwa na maksai wawili, Askari na Karani. Askari aliitwa hivyo kwa sababu alimfukuza kila aliyemwona. Karani alitembea kichwa chini kama mtu anayeandika.

Ila haro ile ilikuwa nyepesi. Ikikutana na bonge gumu iliruka kama mbuzi na kuliacha bonge limelala salama. Ilitaka uzito juu yake. Majirani waliweka jiwe. Baba alisema jiwe haliwezi kushuka lenyewe kutoa majani yaliyonasa kwenye meno, lakini Mwita anaweza. Hivyo nikawa jiwe. Nilikuwa na miaka tisa na mwili wa kutosha, na Mama aliulinda uzito huo kama mali ya familia. Kila jioni ilikuwa maneno yaleyale: "Kula, Mwita, kesho kuna haro." Nami nilikula. Katika hilo sikuwahi kumwangusha mzazi.

Aliyewaongoza maksai alikuwa dada yangu Bhoke, mwenye miaka kumi na minne, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma juu ya mbao, nikipanda na kushuka. Shuleni tulikalia matofali na wenzangu wakalalamika. Mimi nililiona tofali ni starehe, kwani tofali halitembei.

Niseme pia, kwa wasiojua watu wa kwetu, kwamba herufi L kwetu ni mgeni na R ndiye mwenyeji. Mzungu mmoja wa misheni alikuwa akipita na baiskeli, anatupungia mkono na kusema "Hello!" Sisi watoto, kwa adabu zote, tulimwonyesha ilipo haro: kule, nyuma ya zizi. Siku moja alishuka kweli akaenda kuiangalia. Alirudi akitushukuru, sijui kwa nini.

Sasa, mtoto anayekaa saa nyingi akirushwa juu ya mabonge hupata mawazo. Nilikuwa fundi wa magari ya waya, mwalimu alishanisifu mbele ya darasa zima, na sifa ile iliniharibu. Nikawaza: gari la waya linakwenda kwa kuzunguka, na haro inaburutwa kama mtu anayepelekwa shule kwa nguvu. Vipi meno yakipigiliwa kwenye gogo la mviringo, gogo likazunguka, kila jino likachoma bonge kwa zamu? Gogo lenyewe ni zito. Halihitaji Mwita.

Mvua ya kwanza iliponyesha, Baba na Mama walikuwa wameitwa msibani, siku tatu. Baba aliacha agizo moja tu: "Bhoke, shamba nakuachia wewe. Pigeni haro udongo ukiwa bado laini. Jua likiukausha, hatuna ulezi mwaka huu." Tena alikuwa na sababu ya kuharakisha. Wiki ileile shangazi angepita kumchukua Bhoke kwenda naye Musoma, mwezi mzima, kuona ziwa. Bhoke alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Alikuwa amelisema ziwa lile mpaka kuku wa nyumbani walilijua.

Asubuhi alipokwenda mtoni kuchota maji, niling'oa meno yote kumi na mawili kwenye haro ya Baba. Niliyapigilia kwenye gogo, nikalipa gogo ekseli ya nondo, nikafunga mnyororo. Niliwaita Askari na Karani, nao wakaja, maana hawakujua wanachoitiwa. Kwenye tambarare, ndugu zangu, lilizunguka! Mabonge yalipasuka kushoto na kulia. Nilitembea nyuma, mikono mgongoni, kama bwana shamba aliyetumwa na serikali.

Kisha shamba likafika mteremkoni.

Haro ya kuburuta, ng'ombe wakisimama, nayo inasimama. Gogo la mviringo halina desturi hiyo. Lilianza kuteremka lenyewe, mnyororo ukalegea, na meno kumi na mawili yakawafikia maksai kwenye visigino. Askari, aliyezoea kufukuza watu, kwa mara ya kwanza alifukuzwa. Walipita kwenye mihogo ya jirani na kwenye ua wa miti, wakashuka hadi mtoni, alikokuwa Bhoke na mtungi wake. Gogo lilipasuka kwenye mawe. Tulitafuta meno kwenye tope mpaka mchana, tukapata saba.

Siku mbili za jua zilifuata, na mabonge yakawa matofali. Baba aliporudi aliuliza swali moja tu: "Nani?" Tulikuwa tumekaa kula. Nilifungua mdomo kusema, na wakati huohuo Mama akaniwekea tonge. Nikaufunga. Baba akamgeukia dada yangu: "Bhoke, shamba nilikuachia wewe." Bhoke akanitazama kidogo, akasema, "Ndiyo, Baba. Ni mimi."

Shangazi alipokuja alimchukua binti wa baba mdogo badala yake. Bhoke alibaki, na kwa siku nane tulivunja mabonge kwa mpini wa jembe, yeye na mimi, safu kwa safu. Binti yule aliporudi alimletea dada yangu dagaa wakavu waliofungwa kwenye jani. Bhoke alinigawia nusu. Nikala. Nimetubu mengi katika maisha yangu, na ninamshukuru Mungu kwa uvumilivu wake, lakini wale dagaa wananiaibisha kuliko gogo.

Mungu amenipa miaka. Amenileta huku Birmingham kwa watoto wangu, akanipa nyumba iliyoshikana na ya jirani huko Bordesley Green, na kiuwanja nyuma ninachopanda mchicha. Tena akanipa nafasi ya mzee wa kanisa katika ushirika wetu mdogo wa Perry Barr, ninakofundisha vijana wa kipaimara. Na kwa miaka mingi ushuhuda wangu kwa vijana hao ulikuwa mmoja: jinsi Mungu alivyompa mtoto wa miaka tisa hekima ya kubuni haro ya kuzunguka, huko kijijini, bila kitabu. "Na Wazungu," nilikuwa naongeza, "wameiiga baadaye." Kila mara nilimaliza hadithi gogo likiwa bado kwenye tambarare.

Dada Bhoke nampigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Nasema "Halo," naye anajibu kwa sauti ileile ya kuita maksai, "Haro!" Nami nasema, "Salama, Dada," tunaendelea na habari za mvua. Wajukuu waliipenda salamu hiyo. Niliwaeleza kuhusu L na R, na kwamba bibi yao hakukaa sana shuleni. Siku hizi wakiingia mlangoni wananisalimu, "Haro, Babu!" Wanaelewa Kiswahili chote, lakini wakijibu wanajibu Kiingereza. Hilo ni neno lao la Kiswahili, nami nililijivunia.

Mwezi uliopita vijana wa kanisa walikwenda matembezi kwenye shamba moja la maonyesho nje ya mji, nami nikapakiwa pamoja na sambusa. Kulikuwa na ghala la zana za kale. Mjukuu wangu Neema, anayesomea uhandisi na kwa hiyo haamini kitu mpaka akiguse, alitangulia. Mara nikasikia anaita ghala zima likisikia: "Babu, come! Wamekuibia!"

Nikaenda. Zana zilipangwa kwa umri. Kwanza matawi ya miiba yaliyosukwa kwenye fremu, na nikamkumbuka babu yangu. Kisha fremu yenye meno ya chuma, pacha wa ile ya Baba. Kisha fremu ndogondogo zilizounganishwa kwa pete ili zifuate bonde na kilima kama blanketi. Mwisho kabisa lilikuwepo gogo langu. La mviringo, lenye meno, limelala ndani ya fremu yake. Mbele yake hapakuwa na mnyororo. Palikuwa na mti mrefu, mgumu, wa kulizuia lisiwafikie wanyama visiginoni. Juu ya yote walikuwa wameweka kiti cha chuma chenye matundu, kilichochongwa kwa umbo kamili la makalio. Nusura nilie. Kumbe palikuwa na mtu aliyewafikiria watu kama mimi.

Neema alisoma kibao. "Wait, Babu. Wanasema hii ni ya zamani sana. Kabla hata babu yako hajazaliwa." Vijana wakacheka, nami nikacheka nao, maana kiburi kikianguka mbele ya watu ni afadhali ukisindikize. Lakini Neema aliendelea kuuchunguza ule mti wa mbele. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili kabisa, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza:

"Babu, ya kwako ilikuwa na mti huu?"

"Haikuwa nao."

"Sasa kwenye mteremko ilikuwaje?"

Nikamwambia atoke nje akaangalie mabata.

Katika basi la kurudi sikula sambusa hata moja, na watu wakaniuliza kama naumwa. Mimi ndiye niliyewafundisha vijana wale kwamba kosa ulilomkosea mtu hulimalizi kwa magoti peke yake. Mtu yule naye ana mlango wake, na lazima uugonge. Ule mlango mmoja nilikuwa nimeuzunguka tangu utotoni. Tena Jumapili iliyotangulia matembezi hayo mpwa wangu alikuwa ameninong'oneza kwenye simu, "Mjomba, mama siku hizi anasahau. Juzi amesahau jina la jirani." Nikawaza: akiisahau siku ile kabla sijaisema, nani atanisamehe?

Jumapili nilipiga simu hata kabla sijavua koti la ibada.

"Halo," nikasema.

"Haro!"

"Salama, Dada. Dada, leo siulizi habari za mvua."

"Basi uliza za ng'ombe."

"Nataka kukuomba msamaha. Ile haro ya Baba, ni mimi niliyeng'oa meno. Ukabeba kosa langu, ukakosa kwenda Musoma. Na dagaa wako nikala."

Nilisikia kuku wa kwake. Nikajua nimechelewa, ameshasahau, ndiyo basi. Kisha kikaja kicheko, kile cha ng'ambo ya mto.

"Mwita, wewe ni mjinga uliyesomeshwa. Miaka yote hii nakuuliza haro, nawe unanijibu salama!"

"Nilidhani unasema halo."

"Halo naijua. Halo, halo, halo. Umesikia? Halo nawasalimu watu wengine. Wewe nakuuliza haro."

Nikakaa chini, koti na yote.

"Kwani ulijua tangu lini?"

"Gogo lilinipita mtoni likiwa na meno ya Baba. Ulitaka nidhani yameota yenyewe?"

"Sasa umenisamehe, Dada?"

"Nilikusamehe siku ileile, nilipokuona unapiga mabonge huku unalia na kamasi zinadondokea udongo. Na ziwa nimeshaliona, nilikwenda nikiwa na watoto wanne. Ni maji tu. Ila siku hizi nasahau, Mwita. Nikawa naogopa nitaisahau kabla hujaisema."

Neema nimemweleza mwisho wote, pamoja na mteremko. Alichora kwenye simu yake jinsi mti ungefungwa, dakika mbili tu, na kuniambia tatizo lilikuwa dogo sana. Ndivyo walivyo watoto wa sasa: wanatengeneza kila kitu na hawavunji kitu, kwa hiyo sijui watakuja kumwomba nani msamaha. Kanisani nikisimama kushuhudia, vijana wananipigia kelele, "Babu, mpaka mteremkoni!" Nami nawapeleka mpaka mteremkoni, mpaka mtoni, mpaka kwenye dagaa.

Shamba la Baba sasa linapigwa haro na trekta la kukodi, lenye sahani za chuma, na uji haujapoa kazi imekwisha. Meno matano bado yako mtoni, mahali fulani. Na mimi, ambaye nimefikia uzito ambao Baba angeufurahia, ambaye leo ningeishikilia haro chini hata juu ya mwamba, nakaa kwenye kochi Bordesley Green mbele ya sahani ya ugali nisiyoimaliza. Hakuna tena wa kuniambia nile, kesho kuna haro.