Pilau ya Siku Mama Aliposhindwa

Jana mama alinipigia simu kutoka Lewisham, upande wa pili wa jiji hili la ugenini, kunipa habari za nyumbani: mbunge wetu amerudi tena bungeni, na kwa kura nyingi. "Yule bwana hang'oki," akasema, akacheka. Nilikuwa chumbani kwangu Edmonton, na kabla sijamjibu nikasikia harufu ya bizari ikikaangwa, ingawa jikoni sikuwa na kitu zaidi ya mkate.

Huenda sijawahi kukuambia, rafiki yangu, kwamba mama aliwahi kugombea ubunge dhidi ya bwana huyo. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Mbunge alipendwa mno. Kwenye msiba wowote alifika mapema, akabeba jeneza kama watu wengine. Mama alikuwa mwalimu tu, lakini wanawake wa mtaani walimwambia kila siku, "Safari hii ni wewe, mwalimu," naye akawaamini.

Siku ya matokeo walijaa uani kwetu tangu asubuhi. Walichambua mchele, wakatwanga vitunguu saumu, moshi wa kuni ukatutoa machozi, redio ikiwa dirishani. Kazi yangu ilikuwa kupanga sahani kwenye mkeka. Nilizipanga maua yaliyochorwa juu yake yote yakielekea upande mmoja, kisha nikazirudia, na kuzirudia tena, kwa sababu niliamini kabisa kwamba hata moja ikikaa vibaya mama atashindwa.

Mchana redio ikatangaza. Mtaa ukalipuka kwa vigelegele na honi za bodaboda. Mbunge alikuwa ameshinda tena. Jirani yetu, aliyekuwa akigeuza pilau, akajifunga khanga vizuri kiunoni.

"Mwalimu, usinichukie. Ngoma ile siwezi kuikosa."

"Nenda, shoga. Ila mwiko wangu uache hapa."

Wakaondoka wote. Nilibaki nimekaa kando ya zile sahani, nikizitafutia kosa. Bibi, mama yake mama, ndiye peke yake hakutoka.

"Na wewe, mama, ulinipa kura?" mama akamuuliza.

"Wewe ni mwanangu," bibi akasema. "Yeye ni mbunge wangu."

Mama akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Sijui mpaka leo.

Jua lilipopungua ukali wakarudi, sauti zimewakauka kwa kuimba, njaa inawauma. Walikula pilau yote huku wakimsifu mshindi, na mama akawaongezea nyama. Jirani akabaki kutuoshea masufuria.

Bibi hayupo tena. Ule ua, naambiwa, siku hizi ni fremu za maduka. Na mimi huku, acha nikiri, naogopa kualika watu nikihofia hawatakuja, kwa hiyo sialiki. Jirani wa upande wa pili wa ukuta namsikia akikohoa, jina lake silijui. Salamu yake ya asubuhi huwa naifanyia mazoezi mlangoni, halafu namwacha apite kwanza ndipo nitoke.

Jana, kabla hatujakata simu, nilimuuliza mama kama kushindwa kule bado kunamuuma. Alikuwa kituoni, akisubiri basi la kwenda kazini kwake, kuwahudumia wazee wa watu.

"Kule nilishindwa na watu wangu, mwanangu," akasema. "Huku sina hata wa kuninyima kura."