Fundi wa Hewa na Sufuria ya Kabichi

Fundi wa hewa hagusi kifaa kabla ya kuinusa nyumba. Husimama mlangoni amefumba macho, viganja vyake vipana vikipapasa hewa kama kitambaa dukani. Bi Roswitha tangu aolewe hufungua madirisha yote kila asubuhi, hata theluji ikianguka. Kwake fundi alifunga mtambo unaotoa hewa chafu nje huku joto lake likiipasha moto hewa safi inayoingia. Kisha akafunga madirisha na kuchemsha kabichi.

“Utatuua wewe,” Bi Roswitha alifoka.

“Toka kidogo, mama, halafu urudi unuse.”

Alirudi na theluji mabegani, matusi yakiwa tayari mdomoni. Akanusa jikoni, akanusa mapazia, akanusa hata koti la fundi; harufu ya kabichi haikuwepo popote. Taratibu akavua sweta, akaketi.

“Haya, pakua.”