Alphée na Madaktari wa Kwenye Kioo

Shemeji yangu Alphée alikuwa mwongo, Mungu amrehemu, ila uongo wake ulikuwa wa jambo moja tu: afya yake. Miaka yote aliyoendesha gari la kuondoa theluji kwenye barabara zetu za Madawaska, sikuwahi kumsikia akisema anaumwa. Siku moja vidole vilimganda mpaka vikabadilika rangi, naye akaniambia, "Si mbaya, shemeji," huku akiomba chai.

Daktari Gallant alimjua. Kwanza alimpandisha kwenye mizani, ndipo akamwambia, "Haya, sasa nidanganye." Gallant alipostaafu hakuja mwingine. Mji mzima tuliandikishwa kusubiri daktari wa familia, tukaambiwa tukiugua tuongee na daktari kwa video. Sitawatukana wale madaktari. Mimi walinitibu sikio, nikapona. Lakini leo unampata huyu, kesho yule, na kila mmoja anakuona kuanzia kifuani kwenda juu.

Majani yalipoanza kuanguka, Alphée akaanza kuacha chakula. Hata ploye, zile chapati za mkewe, mdogo wangu Délima, ambazo zamani alizigombania na watoto, alizisukuma pembeni. Délima akamtafutia daktari wa video. Bwana akanyoa ndevu, akachana nywele, akavaa sweta lake nene la sufu.

"Unaenda kuposa?" nikamtania.

"Nyamaza, shemeji. Mtu anaingia nyumbani kwangu mara ya kwanza, nimpokee na fulana?"

Daktari akamwuliza kama amepungua uzito.

"Mimi mwembamba tangu utoto," Alphée akajibu.

Délima, aliyekaa pembeni asikoonekana, akafungua mdomo. Alphée akamkanyaga mguu chini ya meza. Basi daktari angejuaje? Akamwandikia dawa ya kiungulia. Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, wapole kabisa, na mwenyeji akazidi kukonda. Nilimwambia mdogo wangu aseme. Akanijibu kwamba hawezi kumwaibisha mumewe mbele ya watu.

Baada ya Krismasi uvumilivu ulimwisha mdogo wangu. Alphée akiwa anamweleza daktari mmoja mwanamke kwamba hali si mbaya, Délima alimshika sweta akalipandisha mpaka shingoni.

"Mtazame mume wangu, daktari. Mtazame vizuri."

Mbavu zilihesabika, na ngozi imekuwa ya manjano. Yule daktari akasema, "Mpeleke hospitali sasa hivi. Usingoje kesho." Njia nzima Alphée hakumsemesha mkewe.

Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilishafika kwenye ini. Walisema wangeiona mapema pengine wangepasua. Nilikasirika, sifichi. Niliikasirikia serikali, na Gallant kwa kuzeeka, na zaidi Alphée mwenyewe na ustaarabu wake.

Wodini alipewa daktari kijana, Thibodeau. Siku ya kwanza Alphée alimwambia hana shida kubwa, akamwuliza kama barabara zina utelezi. Asubuhi iliyofuata Thibodeau yule yule akaja, akavuta kiti, akamwuliza amelalaje. Mimi na Délima tulikuwapo.

Alphée akamweleza yote. Maumivu yalianza kiangazi, yakitoboa mpaka mgongoni. Alikuwa akitapika nyuma ya banda la kuni ili mkewe asisikie. Usiku alikuwa anaogopa. Alizungumza taratibu mpaka akamaliza, na Thibodeau hakumkatiza. Délima alikuwa anayasikia yale kwa mara ya kwanza.

Daktari alipotoka, mdogo wangu alikuwa analia. "Kwa nini huyu umemwambia? Wale wote hukuwaambia, Alphée. Hata mimi hukuniambia."

"Wewe ungelia, kama unavyolia sasa," akasema. "Na wale, kila mmoja nilimwona mara moja. Huyu amerudi."

Hakumaliza wiki.