Gesti ya Stesheni Iliyoponea Chupuchupu

Honi ya treni ya Dar inasikika, na Aikaeli Elirehema anaongeza ndizi kwenye sufuria ya mtori. Abiria wakishashuka hapo stesheni ya Moshi, baadhi watavuka barabara moja kwa moja hadi kwake, wana njaa na usingizi.

"Wanaanza na mtori, chumba baadaye," anasema akicheka.

Gesti hii ya vyumba tisa ilijengwa na marehemu baba yake, fundi wa reli. Treni ya abiria iliposimamishwa, wageni waliyeyuka. Kuna wiki alipata mgeni mmoja, naye akaomba apunguziwe bei. Mama wa watu hakufunga mlango. Aliwauzia mtori waendesha bodaboda mpaka treni iliporudi.

Ndiyo kwanza anaanza kupumua, baba akafariki mwaka jana. Kwa mila ya Wachagga, nyumba ya baba huenda kwa kitindamimba, na huyo ni mdogo wake Gidioni, anayeishi Dar. Matanga hayajapoa, Gidioni akapata mnunuzi wa kubomoa gesti ajenge fremu za maduka. Dada mtu hakuambiwa neno.

"Niliumia sana," anasema. "Miaka thelathini jasho langu liko humu, halafu habari naipata kwa muuza vocha."

Wakanuniana. Wazee wa ukoo kule Machame ndio waliomweka Gidioni chini, wakamweleza kuwa kitindamimba hupewa nyumba aitunze, si aipige bei.

Mwezi uliopita Aikaeli alimwona mdogo wake anatoka stesheni na mtu nyuma yake. Akajua ni mnunuzi. Kumbe ni baba yao mdogo, Mzee Eliamini, aliyeteremka kutoka Machame kumpokea, na Gidioni ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Hapo Mchagga hahitaji kuelezwa. Isale ni kuomba radhi, na anayeletewa hakatai, hata awe amekasirika vipi.

"Dada, nimekosa," alisema Gidioni. "Mnunuzi nimeshamkatalia. Endelea kukaa kwa baba."

Aikaeli alilipokea, akalia mpaka mtori ukaungulia jikoni. Wateja siku hiyo walikula chapati, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka mzima hakuwa amenunua hata shuka. Ya nini, nyumba ya kuvunjwa? Jumatatu anakwenda kuchukua magodoro mapya ya vyumba vyote, na moja la ziada.

"Hilo la ziada ni langu," anasema. "Tangu mwaka jana nilikuwa najigeuza tu kitandani. Sasa nataka kulala."