Kidonge cha Shangazi Siku ya Posa

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu wa Chamazi, maana wale wanaitia chumvi, na chumvi mie napenda kuitia kwa mkono wangu.

Mdogo wangu Hamisi alikuwa anaposa, na wazee wakaniteua mie kuwa msemaji kwa sababu nimesoma (masomo ya jioni, nikiwa na ndevu tayari, lakini cheti ni cheti). Baba wa binti alikuwa mkali. Posa iliyotangulia aliirudisha mlangoni eti msemaji alimruka baba mkubwa kwenye kusalimia wazee. Na mie majina hunipita kama maji kwenye chekeche.

Basi katika kupekua simu nikasoma habari za dawa moja ya majaribio, jamii ya vile vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, ila yenyewe eti badala ya kuzubaisha ubongo huenda ikaunoa, bado wanaijaribu kwa panya. Nikajiuliza, panya wapate akili, mie nibaki hivi? Dukani haipo, lakini shangazi yetu wa Tandale aliandikiwaga na daktari vidonge vya usingizi vya jamii hiyohiyo, nikaona mtoto akiwa na akili mama hawezi kuwa zuzu. Asubuhi tukijiandaa naye kwenda Chamazi kwa kina binti, nikachomoa kimoja mkobani mwake, nikakishushia na chai.

Chamazi nilifika nimetulia kuliko kisima. Wazee wote nikawapa shikamoo bila kumruka mtu, na hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoishia, mengine nasimuliwa. Wanasema nilisimama nikatamka kwamba tumeona ua zuri nyumba hii, nikaulizwa ua lipi, jina la binti, Zuhura, likanikimbia, nikaitazama sebule nzima polepole, nikamwona bibi yake anatabasamu, nikamnyooshea mkono: "Huyu hapa." Halafu nikaketi kando yake mkekani, nikalaza kichwa begani mwake, nikakoroma mpaka mabati ya mtaa wa pili yakaitikia.

Baba wa Zuhura akasimama, akasema kikao kimekwisha. Shangazi akapekua mkoba, akaelewa, akaeleza kwa unyonge. Akajibiwa kwamba hayo ni ya kwetu, tukayamalizie kwetu. Hamisi uso ulikuwa wa mtu aliyeachwa kabla hajaoa. Ndipo bibi, bila kusogeza bega (na bibi, mnajua, kwa wajukuu ni mtani), akasema:

"Kaa chini, mwanangu. Mie nimeposwa na nimekubali. Ila ugenini siendi peke yangu, nataka na mjukuu wangu aolewe hukohuko."

Nani angembishia mama yake mbele za wageni? Mzee akakaa, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, na Zuhura leo ni shemeji yangu.

Nikienda Chamazi bibi ananipakulia sahani yangu pembeni na kuniuliza nimelala kwa nani siku zote hizi. Nami nimeapa, kidonge alichoandikiwa mwingine sikigusi tena, hata kiwe cha kumpa mtu akili za mawaziri wote. Nilitafuta kumbukumbu, na sasa siku tamu kuliko zote za ukoo wetu wanaikumbuka wote, hadi majirani, kasoro msemaji.